Yatima wa Ng'ombe na Yatima wa Dhahabu: Malezi ya Watoto Wasio na Wazazi Shinyanga na Geita

Historia ya hisani kwa watoto yatima na waliotelekezwa katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa kawaida huandikwa kama historia ya vituo: nani alikijenga, mwaka gani, kwa fedha za nani na kwa watoto wangapi. Uandishi huo una sababu yake, kwa kuwa vituo huacha daftari, picha na taarifa za mwaka, ilhali nyumba ya bibi anayelea wajukuu watano haiachi karatasi yoyote. Hata hivyo unapotosha jambo la msingi, nalo ni kwamba katika kila kipindi sehemu kubwa ya watoto hao ililelewa nje ya vituo, kwenye kaya za ndugu, na kwamba kila kundi la wafadhili lililofika lilikuja na mtoto wake wa kumhesabu na kuwaacha wengine nje ya hesabu.

Eneo linalozungumziwa liko kusini na kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Shinyanga ni kitovu cha Usukuma, nchi ya wakulima wa pamba, mtama na mahindi ambao pia ni wafugaji wakubwa wa ng'ombe. Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, kwa asili ni nchi ya Wazinza na Walongo ambayo Wasukuma walihamia kwa wingi baadaye. Tofauti hiyo baina ya nchi ya ukoo na nchi ya wahamiaji ina uzito katika habari ya yatima, kwa maana mtoto aliyefiwa na baba Kishapu na yule aliyefiwa na baba kwenye machimbo ya Nyarugusu hawakuwa na ndugu wa kuwapokea kwa kiwango kimoja.

Katika mila za Wasukuma, kama zilivyokusanywa na Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, swali la nani amlee mtoto lilijibiwa kwanza na ng'ombe. Mahari ya ng'ombe ikilipwa, watoto wa ndoa hiyo walikuwa wa upande wa baba, na baba akifariki ndugu zake wa kiume ndio waliotarajiwa kuwatunza pamoja na mali waliyoachiwa. Mahari isipolipwa, mtoto alikuwa wa kwa babu yake mzaa mama, na baba aliyemtaka alipaswa kumkomboa kwa ng'ombe. Msomaji wa leo anaweza kuuona utaratibu huo kuwa wa kibiashara, na ni kweli kwamba mjane hakuulizwa sana matakwa yake, lakini ulihakikisha jambo moja ambalo taasisi za baadaye zilishindwa kulihakikisha, yaani kwamba kila mtoto, hata wa nje ya ndoa, alikuwa na nyumba inayojulikana ambayo ilikuwa na haki juu yake na wajibu kwake. Kimsingi hapakuwa na mtoto asiye na wenyewe. Palikuwa na mtoto aliyelelewa vibaya, aliyechungishwa ng'ombe wakati binamu zake wakipumzika, au aliyenyang'anywa mifugo ya marehemu baba yake na baba mdogo. Dhuluma ya mlezi ilikuwa ndani ya mfumo ule ule uliompa mtoto mlezi.

Hisani ya kitaasisi iliingia ikiwa na mtoto wa aina nyingine kabisa. Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao Waafrika Mashariki wengi waliwajua kama Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, muda mfupi baada ya njaa na maradhi kuacha yatima wengi nchini Algeria, na kuwatunza yatima hao kulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa. Wazo hilo lilisafiri nao hadi maziwa makuu. Walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882 na kujenga makao Bukumbi, kusini mwa ziwa, mwaka uliofuata, walikuwa na watoto waliokombolewa utumwani, na kituo kingine cha watoto wa namna hiyo kilikuwapo Kipalapala karibu na Tabora. Neno la kufikiria hapo ni kukombolewa: misheni ililipa bidhaa kwa wafanyabiashara wa watumwa, ikachukua watoto ambao ukoo wao ulikuwa mbali au umesambaratishwa, na kuwalea wawe jumuiya mpya ya Wakristo. Mtoto wa Kisukuma aliyefiwa na wazazi wake kijijini hakuwa lengo la kazi hiyo, kwa sababu alikuwa na wenyewe.

Katika karne ya 20 misheni ilibadilika na mtoto wake akabadilika nayo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha huduma ya tiba Kolandoto, jirani na mji wa Shinyanga, mwaka 1913, na kupitia hospitali za aina hiyo aliyejitokeza mbele ya wauguzi alikuwa mtoto mchanga ambaye mama yake amefariki wakati wa kujifungua. Kabla ya maziwa ya kopo kuenea, mtoto wa namna hiyo alikuwa na nafasi ndogo ya kuishi, isipokuwa ukoo upate mwanamke mwingine anayenyonyesha au maziwa ya ng'ombe yaliyo safi na ya kutosha. Mapokeo yaliyojengeka katika nchi za ziwa, ambayo mfano wake unaofahamika zaidi ni kituo cha Kilutheri cha Ntoma karibu na Bukoba, yalikuwa kumtunza mtoto mpaka avuke miaka ya hatari, kisha kumrudisha kwa baba au ndugu. Kituo hakikudai kuwa familia. Kilikuwa daraja la muda kati ya kifo cha mama na siku ambayo mtoto angeweza kula uji. Ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba wauguzi wa enzi hizo, pamoja na upungufu wao mwingi, waliielewa mipaka ya kituo kuliko wafadhili wengi waliokuja baada yao.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilifanya machache. Sheria ya watoto na vijana ya mwaka 1937 ilishughulika zaidi na vijana wakosaji kuliko wahitaji, na huduma za ustawi wa jamii zilizoanza baada ya Vita Kuu ya Pili ziliwalenga kwanza askari waliorejea. Lakini serikali hiyo hiyo ilifanya mambo mawili yaliyobadilisha sana mazingira ya kulelea yatima bila kukusudia. La kwanza lilikuwa vita dhidi ya mbung'o, mdudu anayeeneza ndorobo kwa mifugo na malale kwa binadamu: chini ya Charles Swynnerton, aliyeifanya Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o, mapori makubwa yalifyekwa na kuchomwa, na kazi hiyo, ikiongezewa na kilimo cha pamba na wingi wa mifugo, iliacha nchi yenye uhaba mkubwa wa kuni. La pili lilikuwa kuhamisha watu. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947, ulifungua Geita kwa wahamiaji kutoka wilaya zilizojaa kama Kwimba na Maswa, wakati ambapo mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao almasi yake iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ilikuwa inavuta vibarua kutoka pande zote. Kwa mara ya kwanza maelfu ya kaya ziliishi safari ya siku kadhaa kutoka kwa wazee wa ukoo waliojua nani alilipa ng'ombe wangapi kwa ajili ya nani.

Baada ya uhuru, tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliziandika kanuni za ulezi na urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto. Siasa ya ujamaa iliweka matumaini yake kwa kijiji, shule na zahanati, na katika miaka ambayo elimu ya msingi ilitolewa bila ada hilo lilikuwa msaada halisi kwa yatima, pengine mkubwa kuliko kituo chochote. Hata hivyo miaka ya 1970 na 1980 iliibomoa kaya ya Kisukuma kwa njia mbili. Wizi wa mifugo ulishamiri kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walianzisha sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lenye pinde, mishale na filimbi, ambalo lilienea Usukuma na Unyamwezi kote. Kaya iliyoibiwa ng'ombe ilipoteza maziwa, mahari ya vijana wake na akiba ya kumpokea mtoto wa marehemu kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ilikuwa ya kutisha zaidi. Mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, ambayo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyafanyia utafiti wa kina, yalifikia viwango vilivyoitikisa serikali, na moja ya ishara zilizotumika kumtambua mchawi ilikuwa macho mekundu. Katika nchi isiyo na kuni, mwanamke mzee aliyepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na samadi iliyokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, hakuweza kuwa na macho ya rangi nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kufufua ngitili, yaani malisho na misitu inayohifadhiwa kwa utaratibu wa jadi, kwa kawaida husifiwa kwa miti na mvua. Inafaa usifiwe pia kwa kupunguza moshi machoni mwa wanawake waliokuwa tegemeo la mwisho la watoto waliofiwa. Kila kikongwe aliyeuawa kwa panga usiku aliacha nyuma, mara nyingi, wajukuu waliokuwa wamelala naye chumba kimoja, ambao kuanzia asubuhi hiyo walikuwa yatima kwa mara ya pili.

Hali ya kaya ilikuwa hiyo wakati dhahabu na UKIMWI vilipowasili karibu pamoja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka hiyo hiyo uchimbaji mdogo ulikuwa unapanuka, na Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa wachimbaji mwaka 1990, maelfu zaidi walimiminika Kahama na Geita. Sera ya madini ya mwaka 1997 na sheria ya mwaka 1998 zilileta kampuni kubwa: Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukaanza kuzalisha mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Bulyanhulu ilitanguliwa na kuondolewa kwa wachimbaji wadogo mwezi Agosti 1996, tukio ambalo ubishi juu yake, pamoja na madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni, haujaisha. Machimbo yalizaa miji ya haraka yenye gesti, baa na mama ntilie, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Geita ulionyesha kuwa kundi lililoathirika zaidi na virusi halikuwa wachimbaji bali wanawake waliofanya kazi za vyakula na starehe. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011-12 maambukizi Shinyanga yalikuwa asilimia 7.4, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 5.1.

Mtoto wa machimboni alileta tatizo ambalo mila ya ng'ombe haikulitarajia. Baba yake alikuwa mtu wa kuhama kutoka mlipuko mmoja wa dhahabu hadi mwingine, akijulikana kwa jina la utani, mahari haikulipwa, mama alitoka mkoa mwingine na pengine hakutaka nyumbani wajue kazi aliyoifanya. Mama huyo akifariki, au akimwacha mtoto kwa mwenye nyumba na kuondoka, hapakuwa na ukoo wa baba wala babu mzaa mama wa kumwendea. Huyo ndiye, kwa maana kamili, mtoto wa kwanza wa nchi hii aliyekosa wenyewe tangu wale waliokombolewa utumwani, na inastahili kusemwa wazi kwamba alizalishwa na uchumi ule ule ambao sehemu ya faida yake ingekuja kurudi kama hisani.

Hisani hiyo ilikuja kwa wingi baada ya mwaka 2000. Tume ya Kudhibiti UKIMWI iliundwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata Mgodi wa Geita ulianza kushirikiana nayo katika kampeni ya hisani ya kupanda Mlima Kilimanjaro, ambayo hukusanya fedha kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Miongoni mwa walionufaika na msaada wa mgodi ni kituo cha yatima cha Moyo wa Huruma mjini Geita, kilicho chini ya Jimbo Katoliki la Geita. Shirika la Compassion, lililoanza kazi Tanzania mwaka 1999, lilipitia makanisa na kuanzisha vituo vya huduma ya mtoto na kijana, ambako mfadhili wa ng'ambo huunganishwa na mtoto mmoja mwenye picha na barua. Fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI zilitoka kupitia miradi iliyofuatana, kama Pamoja Tuwalee na baadaye Kizazi Kipya. Serikali nayo iliandaa mpango wa taifa wa 2007 hadi 2010 kwa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, neno lililochukua nafasi ya yatima katika nyaraka, na vijiji vikaunda kamati za kuwatambua.

Mabadiliko ya jina yalikuwa na busara ndani yake, kwa kuwa mtoto mwenye baba mlevi au mama mgonjwa kitandani anaweza kuwa na hali mbaya kuliko yatima aliyeko kwa shangazi mwenye ng'ombe. Utekelezaji ulikuwa mgumu zaidi. Mradi ulihesabu daftari, sare na sabuni zilizogawiwa, kamati ilipaswa kuchagua majina machache kati ya mengi, na katika nyumba moja mtoto wa marehemu alivaa viatu vipya huku binamu yake, ambaye wazazi wake ndio waliompikia, akienda shule peku. Ufadhili wa mtoto mmoja mmoja, kwa wema wake wote, ulikuwa na kasoro hiyo hiyo: ulimtoa mtoto katika kaya kwa hesabu kabla ya kumtoa kwa makazi. Walezi wengi walilimudu jambo hilo kwa njia ya kimya, kwa kuuza nusu ya kilichotolewa na kununua unga wa wote, kitendo ambacho wakaguzi wa miradi walikiita ubadhirifu na ambacho mtu yeyote aliyewahi kulisha watoto wanane atakiita kwa jina jingine.

Waliokosa kuingia katika orodha yoyote walikwenda machimboni. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyotokana na ziara katika machimbo 11 ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ilikuta watoto wenye umri hata wa miaka minane wakifanya kazi, na kutaja yatima miongoni mwa walio katika hatari zaidi. Kazi yenyewe ina hatua zake. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, hupandishwa kutoka kwenye duara, ambalo ni shimo lenye wamiliki na mgao wake. Mawe hupondwa kwa nyundo, husagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia, na unga wake huoshwa juu ya mwalo, ubao ulioinama na kutandikwa gunia au kitambaa kinachonasa chembe nzito. Masalia ya kwenye kitambaa hutiwa katika karai pamoja na maji na zebaki, huchanganywa kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ishikamane, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha donge huchomwa kwa mkaa na moshi wa zebaki kupaa. Mtoto asiye na nguvu ya kushuka duarani hupewa kazi ya kuponda, kuosha na kuchoma, hivyo mdogo kuliko wote ndiye anayekaa karibu zaidi na sumu. Jioni hulipwa kwa fedha kidogo au kwa kuruhusiwa kuosha tena mchanga uliokwisha kutumika. Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya aina mbaya zaidi za ajira ya watoto tangu mwaka 2001.

Aina nyingine ya utelekezaji, ambayo haikutokana na kifo, ilionekana Buhangija katika mji wa Shinyanga. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyopamba moto kuanzia 2006 na 2007 kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, yaliikumba zaidi kanda hii, na uvumi wa wakati huo uliyahusisha na wachimbaji na wavuvi wanaotafuta bahati. Watoto wenye ualbino walipelekwa katika shule ya Buhangija, iliyokwisha kuhudumia watoto wenye ulemavu, kama hifadhi ya muda. Wazazi wengi walikuwa hai. Baadhi walikuja kuwaona, lakini wengine hawakurudi kabisa, na muda ukageuka miaka. Watoto waliofichwa wasiuawe wakawa watoto walioachwa, nao walikulia katika mabweni yaliyofurika kwa misaada ya wapita njia, mafuta ya ngozi na kofia. Ulinzi ulikuwa wa lazima. Lililokosekana ni mtu aliyepewa jukumu, na nauli, ya kufuatilia mtoto mmoja mmoja hadi kijijini kwao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta sheria za zamani, zikiwamo ile ya kikoloni ya 1937 na ile ya makao ya watoto ya 1968, na kanuni zake za mwaka 2012 kuhusu malezi ya kambo na makao ya watoto zilielekeza kwamba familia itangulie na kituo kiwe cha mwisho. Kwa upande wa fedha, mpango wa kunusuru kaya maskini unaotekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tangu 2012 ulifanya kitu ambacho hisani ya miaka mingi haikukifanya, yaani kumpa fedha taslimu mlezi mwenyewe, mara nyingi mwanamke, bila kumuuliza ni mtoto yupi wa nani. Kiasi ni kidogo na wapo walioachwa nje ya orodha, lakini msingi wake uko sahihi kuliko wa mabweni, kwa kuwa unaanza pale malezi yanapofanyika. Kufutwa kwa ada ya shule ya msingi mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, kuna uzito wa aina hiyo hiyo.

Kinachobaki nyuma ni dhahabu. Kwa miaka mingi mikataba iliziruhusu kampuni kuzilipa halmashauri kiwango maalum kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka, kabla ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato kuanza kulipwa, na hisani kwa yatima ikabaki suala la hiari ya mgodi na ratiba ya safari za mlimani. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, katika kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Mipango hiyo imezaa madarasa, zahanati na barabara, vitu vinavyoonekana na kuzinduliwa kwa utepe. Kifungu hakitaji kaya zinazolea yatima, lakini hakizizuii pia, na madiwani wa Geita, Msalala na Kahama hawahitaji sheria mpya wala mfadhili mpya ili kuzitengea fungu. Wanahitaji kuliandika katika mpango wa mwaka ujao.